Maziwa na Maharage Katika Bakuli Moja

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, watu wa kijiji kile walikimbizwa kwa fimbo ili wawe na afya. Mwenyekiti alisimama mbele ya ofisi na filimbi mdomoni, mgambo wanne walijipanga kandokando ya barabara, na wanaume kwa wanawake wakapita mbele yao mchakamchaka hadi kwenye daraja la miti na kurudi. Aliyebaki nyuma alichapwa miguuni. Akibaki tena alichapwa mgongoni. Wakirudi, walichukua majembe na kwenda shambani moja kwa moja, kulima mpaka jua la saa nane. Mbio zile hazikuwaongezea chochote ambacho jembe lilikuwa halijawapa tayari. Nililiona hilo wiki ya kwanza, na sikulisema.

Nilikuwa msaidizi wa afya. Kwetu ni Kasulu mjini, ambako baba yangu aliuza kanga na vitambaa, na baada ya mafunzo ya miezi michache nilipangiwa zahanati ya chumba kimoja katika kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kumsenga. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Watu walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao ya mbali na kupangwa mistari kando ya barabara. Nyumba za zamani zilichomwa wasije wakarudi, na ukipita kwenye migomba ya zamani ulikuta bado duara nyeusi ardhini, moja kwa kila familia. Barua yangu ya kazi ilinipa mambo matatu: kupima watoto, kufundisha chakula bora, kuhimiza mazoezi ya mwili. Hilo la tatu mwenyekiti alikuwa amekwisha kulichukua.

Nilikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika nilichokiona, wa kulia nilichokifanya. Tabia hiyo sikufundishwa na mtu, nilikuwa nayo tangu shule. Ninayoyaeleza hapa mengi yanatoka humo, na ukurasa wa kulia ndio unaonipa shida kuusoma.

Mizani ilining'inia kwenye nguzo ya mlalo mbele ya zahanati, na chini yake tulifunga kitambaa chenye matundu mawili ya miguu. Jumanne ya tatu akaja mama mmoja na mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu hivi. Walikuwa wakimbizi. Walivuka mpaka upande wa Nyabibuye wakati wa mauaji ya Burundi, yeye, mumewe na mama mkwe, wakiswaga mtamba mmoja. Kati ya yote waliyokuwa nayo kule, ni huyo mtamba tu aliyefika. Sasa alikuwa ng'ombe mwenye ndama, amefungwa nyuma ya nyumba yao kwenye matope, kwa sababu kijiji kipya hakikuwa na mahali pengine pa kumfunga.

Mtoto alikuwa na kwashakoo. Miguu imevimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo, nywele zimekuwa nyekundu kama nyasi za kiangazi, ngozi ya mapaja inabanduka. Alikuwa ameacha kutembea. Mama yake alisema alitembea mwaka uliopita, kisha siku moja akakaa chini na hakusimama tena. Kilo saba na nusu. Niliandika hivyo upande wa kushoto, nikaongeza kwamba mtoto hakulia alipotiwa kwenye kitambaa, na hilo lilinitisha kuliko kilo zenyewe. Kwa mafunzo yangu madogo nilijua kwamba mtoto wa namna hiyo asiyebadilishiwa chakula hamalizi miezi miwili.

Jumanne hiyo hiyo nikafundisha. Niliwasha mafiga mbele ya zahanati, nikachemsha maharage hadi yakalainika, nikayaponda, nikayachanganya na maziwa niliyoyaomba kwa mwenyekiti. Wanawake kama ishirini walikaa kwenye nyasi wakinitazama. Nilipomwaga maziwa juu ya maharage, wote wakanyamaza. Bibi mmoja nyuma alicheka kidogo akajifuta mdomo kwa kanga. Nilidhani wananisikiliza kwa makini. Nikauliza kama wameelewa, wakajibu kwa sauti moja, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha.

Yule mama peke yake alinyoosha mkono.

"Siku moja, daktari?"

"Siku moja," nikamjibu. "Siku moja, chungu kimoja, bakuli moja."

Akainamisha kichwa. Sikumwuliza kwa nini ameuliza.

Nililopaswa kuuliza nililijua baadaye, na kila mtu aliyekaa kwenye nyasi zile alilijua tangu utotoni. Kwa watu wa ng'ombe wa sehemu ile, aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo. Akichanganya, kiwele cha ng'ombe kinaharibika, maziwa yanatoka damu, ng'ombe anakauka. Ndiyo maana nyumbani kwa yule mama, mume alikunywa maziwa na hakugusa maharage, na mama na mtoto walikula ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage kila siku, hivyo maziwa hayakuwafikia kamwe. Hakuna aliyeniambia. Mtu aliyetumwa na serikali habishiwi, hasa pale ambapo mgambo wanasimama na fimbo hatua hamsini kutoka ulipoketi.

Mama yule alikwenda akafanya nilivyosema. Alifanya kwa siri, nyuma ya nyumba, mumewe akiwa shambani, kwa siku tisa. Jumanne iliyofuata mtoto alikuwa amepungua, nikafurahi, maana uvimbe ukianza kutoka uzito hushuka kwanza. Nikamweleza. Akaniambia mtoto ameanza kulia akiwa na njaa. Tulicheka pamoja kwa hilo, mimi na yeye, kama watu walioiba kitu.

Siku ya kumi ng'ombe alitoa damu.

Leo najua sababu. Miaka kadhaa baadaye bwana mifugo mmoja wa Kibondo alinieleza kwamba ng'ombe anayelala kwenye matope yaliyochanganyika na mavi lazima kiwele kimvimbe, awe amelishwa nini au nani amekula nini. Lakini mume alichuchumaa pale asubuhi na kibuyu mkononi, akakamua, akaona uzi mwekundu kwenye maziwa, na akajua moja kwa moja. Aliingia ndani, akamshika mtoto taya, akanusa mdomo wake. Kisha akachukua mchi.

Alimpiga mkewe kwa mchi ule ule ambao mkewe alipondea maharage. Mama mkwe, aliyeishi kibanda cha pili ndani ya uzio huo huo, alisema baadaye kwamba hakupiga kwa kelele. Alipiga kama mtu anayetwanga, akipumua. Pigo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu mama aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa na mfupa ukakatika. Alipoanguka alianguka juu ya mtoto ili mtoto asipigwe, na mume akaacha hapo, akatoka, akaenda kumkumbatia ng'ombe shingoni.

Yule mama alikuja zahanati kwa miguu yake. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga na jirani, na mkono ulining'inia ukielekea mahali ambapo mkono hauelekei. Sikuwa na chochote cha kuunganishia mfupa zaidi ya mabanzi ya mianzi na bandeji. Nilivuta, akapiga ukelele mmoja, nikafunga. Nilifunga vibaya. Kumpeleka hospitali Kibondo kulihitaji gari, na gari lilikuja mara moja kwa mwezi.

Wakati nafunga alizungumza jambo moja tu. Aliuliza kama mtoto aendelee kula.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Hilo liko ukurasa wa kulia, kwa kalamu nyeusi: nimetoa taarifa ofisini. Nilitaka nini? Nadhani nilitaka mtu mwingine akasirike badala yangu. Mwenyekiti alisikiliza vizuri, akauliza kama yule bwana amepinga mafundisho ya chakula bora. Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Akapiga filimbi.

Mgambo walimleta yule bwana kabla ya saa sita. Waliitundua mizani, wakamfunga mikono kwenye nguzo ile ile, wakamvua shati. Kijiji kizima kiliitwa. Mgambo wawili walimchapa kwa zamu, mmoja akichoka anampa mwenzake fimbo, kama watu wanaopasua kuni. Nilihesabu hadi ishirini na saba, nikaandika, kisha nikafunga daftari kwa sababu watu walikuwa wananitazama nikiandika. Mgongo wake ulikuwa umefunguka.

Kisha mwenyekiti akaniambia nilete chungu changu.

"Ndugu Mwenyekiti, imetosha," nikasema.

"Changanya," akasema. "Wewe ndiye unayejua kipimo."

Nikachanganya. Maziwa mengine yalimwagika kwenye majivu, lakini nilichanganya. Mgambo mmoja alimbana pua, mwingine akamshindilia kijiko. Alitema. Wakamshindilia tena, kijiko kikamkata ufizi, akameza damu pamoja na maharage na maziwa, na akaanza kulia, mtu mzima wa miaka arobaini, kwa sauti nyembamba ambayo bado naikumbuka. Mkewe alisimama mstari wa mbele na mkono wake kwenye mabanzi. Hakugeuza uso, wala usoni hapakuwa na furaha yoyote.

Mwenyekiti akatangaza amri. Kuanzia siku hiyo kila nyumba yenye ng'ombe, na kila nyumba jirani yake, itapika maharage kwa maziwa, na mgambo watapita kukagua vyungu.

Baada ya siku tatu, saa ya adhuhuri, nikipima watoto, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinyanyuka wote pamoja wakatawanyika. Nikageuka. Mume alikuwa anakuja na panga. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayekwenda kuangalia shamba lake. Alikata kamba ya mizani kwa pigo moja, ikaanguka, kioo kikavunjika. Pigo la pili lilikuwa bapa la panga juu ya sikio langu la kushoto. Nilianguka chini na upande ule wote wa dunia ukawa kimya. Sikio hilo halijapona vizuri hadi leo.

Alisimama juu yangu.

"Umenilisha ng'ombe wangu angali hai," akasema.

Aligeuza panga, makali yakawa chini. Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imepasuka visigino, na kwenye kifundo palikuwa na alama za fimbo za mchakamchaka. Nilikumbuka kuziona alama hizo asubuhi nyingi nikinywa chai.

Mama yake alikuwa nyuma yake. Alimfuata kutoka nyumbani, ajuza mdogo mwenye bakora, akihema. Alimpiga mwanawe bakora kwenye kifundo cha mkono, mara moja, kwa ufundi, na panga likaanguka kama limeachwa tu. Kisha akaketi juu ya panga lenyewe, akavuta pumzi, na akanitazama mimi.

"Nani alikuambia uyaweke pamoja?"

Nikasema ndivyo nilivyofundishwa.

"Na sisi ulituuliza?"

Nilijifuta uso kwa kiganja. Damu ilikuwa inaniingia jichoni.

"Maziwa leo, maharage kesho," akasema. "Kesho kutwa maziwa tena. Tumelea watoto hivyo. Huyu mjukuu wangu hana haraka ya kula vyote siku moja. Mwenye haraka ni wewe."

Mwanawe akasema kwamba haina maana, ng'ombe amekwisha. Mama akamgeukia. Alimwambia ng'ombe ana chuchu nne, imeharibika moja, tatu zinatoa. "Wewe una mikono miwili mizima, na tazama ulichofanya nayo."

Yule bwana alikaa chini kwenye vipande vya kioo. Alikaa hapo muda mrefu. Wanawake walirudi mmoja mmoja, wakasimama mbali.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Sentensi ile fupi, maziwa leo maharage kesho, ilikuwa ndani ya swali la mama wa mtoto siku ya somo. Aliniuliza, "Siku moja?" Alikuwa ananipa njia. Ningesema tu, kwani nyinyi mnafanyaje, hakuna mfupa ambao ungevunjika.

Ajuza alimchukua mkwewe na mtoto kwenye kibanda chake. Mwanawe alikataliwa kuvuka mlango. Kila asubuhi alikamua zile chuchu tatu, akaacha kibuyu kwenye jiwe nje ya kibanda na kuondoka. Siku ya maziwa mtoto alipewa uji wa mtama wenye maziwa, na siku ya maharage alipewa maharage yaliyopondwa na ndizi. Mimi nilipita kila jioni kabla jua halijazama, nikaandika nilichokiona. Safari hii ukurasa wa kulia niliuacha mtupu.

Mtoto alipoanza kuwa na nguvu za kukaa, ajuza akaanza kumfundisha kutembea. Hakumshika mkono. Aliweka kikombe cha maziwa hatua moja kutoka kwa mtoto na kwenda zake. Mtoto alilia, akajiburuta kwa makalio, akafika. Kesho kutwa kikombe kilikuwa hatua mbili. Baadaye kwenye kizingiti, baadaye kwenye jiwe la kibuyu, baadaye chini ya mgomba wa kwanza. Mama yake alitaka kumbeba, ajuza akamwonya kwa ulimi mkali kwamba akimbeba atavunjwa na ule mkono mwingine. Ilikuwa mzaha, na mama alicheka, lakini alicheka ameshika mkono wake.

Amri ya mwenyekiti iliendelea. Siku moja ya maharage mgambo waliingia kukagua, wakaonja, wakakuta hakuna maziwa. Mmoja akakipiga chungu teke na maharage ya moto yakamwagikia ajuza mguuni. Ngozi ilitoka kama soksi. Nilipomfunga dawa nilimwambia nitakwenda kuizuia amri, nikaenda. Mwenyekiti alinisikiliza kama mara ya kwanza, vizuri kabisa. Kisha akasema maneno ya bakuli moja yalikuwa yangu, yeye anayasimamia tu, na kama nimeyabadili niwaandikie barua wakubwa wangu. Nilirudi nikaandika kwenye taarifa ya ofisi kwamba nyumba ile inapika maharage kwa maziwa kila siku bila kukosa. Nilimpelekea karatasi, akapiga muhuri, mgambo hawakuingia tena humo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kikazi, nikauandika kwenye ukurasa wa kulia, na ndio mstari pekee wa upande huo nisioujutia. Nyumba nyingine sikuziandikia. Ziliendelea kumwagiwa vyungu hadi mvua zilipoanza na mgambo wakachoka.

Mwezi wa tatu tangu ivunjwe, mizani ilirudi kutoka Kibondo ikiwa na kioo kipya. Nikaitundika mapema, mchakamchaka bado unaendelea, vumbi likiwa hewani. Mama akaja kwa njia ya migombani, na mbele yake, kwa miguu yake mwenyewe, akiyumba kila hatua ya tatu, alikuja mtoto. Miguu ilikuwa myembamba na mikavu. Nywele mpya zilikuwa zimeota nyeusi kwenye shina, nyekundu zimebaki ncha tu.

Mama akainama kumtia kwenye kitambaa. Mkono wa kushoto ulimshika, wa kulia ukafika kiunoni mwa mtoto ukakataa. Nilikuwa nimeufunga vibaya, ulipona ukiwa umepinda, na haukuweza kubeba. Akajaribu tena. Mtoto alikuwa mzito mno kwake. Niliacha kalamu niende kumsaidia.

Mume alinitangulia. Alikuwa katika mstari wa wakimbiaji, akirudi kutoka darajani, akatoka kwenye mstari na kuja moja kwa moja. Mgambo akapiga kelele arudi. Alipofika karibu na kuinua mikono, mama alijikunja na kufunika uso kwa mkono wake uliopinda.

Akasita, mikono ikiwa hewani. Kisha akamwinua mtoto, akapitisha mguu mmoja kwenye tundu, akapitisha wa pili. Mgambo alimfikia akaanza kumchapa mgongoni, pale pale palipokuwa na makovu. Hakugeuka. Alikishika kitambaa kwa mikono yote miwili mpaka mtoto akatulia ndani yake, na kila fimbo ilipotua mshale wa mizani uliruka. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Mama alishusha mkono kutoka usoni, akamtazama mtoto, hakumtazama mtu mwingine. Hakurudi kwenye nyumba ya yule bwana, wala mwaka ule wala ule uliofuata.

"Achia sasa," nikamwambia mume.

Aliachia. Mgambo wakamsukuma barabarani, akaendelea kukimbia. Nilisubiri mshale utulie, nikasoma. Kilo kumi na robo. Nikaandika upande wa kushoto.